Dubu mweusi mwenye manyoya ya mdalasini: mazingira yana mkono gani katika rangi yake?

Majira ya baridi yanapokwisha katika milima ya Colorado au Arizona, dubu jike mweusi tii anaweza kutoka pangoni na watoto wawili: mmoja mweusi kama yeye, wa pili mwekundu-kahawia kama gamba la mdalasini. Mama ni yule yule, mimba ni ile ile, maziwa ni yale yale. Wote watatu ni dubu weusi wa Marekani, Ursus americanus, spishi inayopatikana Amerika ya Kaskazini peke yake, kuanzia Alaska hadi milima ya kaskazini mwa Meksiko. Ndani ya spishi hiyo moja wamo weusi, wa kahawia iliyokoza, wa mdalasini, wa manjano iliyofifia, wa kijivu chenye ubuluu, na hata weupe.

Ukiuliza sababu, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja: mazingira. Msitu mnene hutoa dubu mweusi, nchi kavu hutoa wa kahawia, na kwenye barafu na ukungu ndiko wanakotoka wa kijivu na weupe. Jibu hilo lina ukweli ndani yake ila limekaa upande, maana linamfanya msomaji adhani nchi humpaka mnyama rangi. Nchi hasa inachuja. Rangi huzuka kwanza kwa bahati ndani ya jeni, ndipo mahali panapoamua kama mwenye rangi hiyo atashiba, atazaa, na kama watoto wake watafika mbali. Tena mchujo wenyewe haufanani kila mahali. Dubu wa mdalasini wa kusini-magharibi mwa Marekani na dubu mweupe wa pwani ya British Columbia, Kanada, wamepitia njia mbili tofauti kabisa, kwa jeni mbili tofauti na kwa sababu mbili ambazo hazina uhusiano.

Mashariki weusi, magharibi mchanganyiko

Mashariki ya Mto Mississippi karibu dubu wote ni weusi. Katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, mpakani mwa Tennessee na North Carolina, mgeni anaweza kumaliza msimu mzima asimwone wa rangi nyingine. Ni hivyo hivyo Pennsylvania, Florida, na kisiwa cha Newfoundland. Kinachovunja weusi huo ni mdomo wa hudhurungi na, kwa baadhi yao, baka jeupe kifuani.

Ukielekea magharibi mambo yanageuka polepole. Minnesota weusi bado ni wengi mno, lakini wa kahawia wanaanza kujitokeza. Kwenye Milima ya Rocky na nyanda za juu za Arizona na New Mexico, wa kahawia na wa mdalasini ni jambo la kawaida. Katika hifadhi ya Yosemite, California, walio wengi ni wa kahawia, na wageni hurudi nyumbani wakiamini wamempiga picha grizli, yaani dubu wa kahawia wa spishi nyingine, ilhali grizli wa California walimalizika katika miaka ya 1920. Halafu ukishuka hadi pwani yenyewe ya Pasifiki, kwenye misitu ya mvua nyingi ya jimbo la Washington na British Columbia, weusi wanarudi kushika nafasi.

Mchanganyiko huu uliwahi kuwasumbua watu makini. Mei 1806, msafara wa Meriwether Lewis na William Clark, uliotumwa na serikali ya Marekani kuichunguza nchi ya magharibi, ulikuwa umepiga kambi kando ya Mto Clearwater, katika Idaho ya leo, ukisubiri theluji ya milimani ipungue. Wawindaji wao walileta dubu wa rangi mbalimbali, na Lewis akawa anajiuliza hizi ni aina ngapi. Wenyeji wa hapo, watu wa Nez Perce, hawakuwa na shida hiyo. Waliwagawa dubu mafungu mawili. Fungu la kwanza, hoh-host, lilikuwa la wenye kucha ndefu, wakali, wasiopanda miti. La pili, yack-kah, lilikuwa la weusi na wekundu-kahawia pamoja, wenye kucha fupi, wanaopanda miti. Rangi waliiacha kando. Lewis aliyaandika hayo katika shajara yake, na mgawanyo huo ndio tunaoutumia hadi leo: la kwanza ni grizli, la pili ni dubu mweusi. Wataalamu wa vitabuni walichelewa. Mwaka 1854 John James Audubon na John Bachman walimpa dubu wa mdalasini jina lake la kisayansi, na kwa miaka mingi kila rangi mpya iliyoletwa makumbusho ilizua jina jipya.

Jeni inayolegeza weusi

Rangi ya unywele hutokana na melanini, ile ile iliyo kwenye ngozi na nywele zetu sisi. Ipo ya aina mbili: eumelanini, ambayo ni nyeusi au kahawia, na feomelanini, ambayo ni nyekundu au manjano. Seli zilizo kwenye mzizi wa unywele huitengeneza ndani ya vifuko vidogo, kisha huipitisha kwenye unywele kadiri unavyokua. Jeni iitwayo MC1R huamua seli itengeneze aina ipi. Jeni nyingine, TYRP1, hutoa protini inayosaidia kuikamilisha eumelanini hadi ikolee. Protini hiyo ikilegea, rangi hutengenezwa bado, ila kwa upungufu, na unywele huishia kahawia.

Kwa kuwa dubu wa mdalasini anafanana sana na grizli, dhana ya haraka ingekuwa kwamba damu ya grizli imeingia. Utafiti uliotolewa Desemba 2022 katika jarida la Current Biology ulionyesha sivyo. Timu iliyoongozwa na Emily Puckett wa Chuo Kikuu cha Memphis ilipima rangi ya manyoya, ikasoma vinasaba vya dubu weusi 151, kisha ikatafuta ni sehemu gani ya vinasaba inayokwenda sambamba na rangi. Ilijitokeza sehemu moja tu yenye nguvu, nayo ilikuwa TYRP1. Katika dubu wa mdalasini, kwenye nafasi ya 153 ya protini ya jeni hiyo, asidi amino (kijenzi kimoja cha protini) iitwayo arjinini imetoka na sisteini imekaa mahali pake. Badiliko lenyewe ni dogo mno, lakini huenda linagusa sehemu inayoshika zinki, na protini haifiki vizuri inakotakiwa kufanyia kazi. Weusi unapungua.

Grizli naye ana lake. Sehemu ya ukahawia wake inatokana na jeni hiyo hiyo ya TYRP1, lakini badiliko liko kwenye nafasi ya 114. Ukipima manyoya ya hao wawili maabara, tofauti ni ndogo sana. Wamefika rangi moja kila mmoja kwa mlango wake.

TYRP1 si jeni ya dubu peke yake, na kwa bara letu ina habari yake. Kwa binadamu, jeni hii ikiharibika huleta aina ya tatu ya ualbino, ambayo imeripotiwa zaidi kusini mwa Afrika: ngozi huwa ya wekundu wa shaba na nywele huwa nyekundu-kahawia. Ni tofauti na aina ya pili, inayotokana na jeni nyingine, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi Tanzania. Kwa mtu, hitilafu hiyo hugusa na macho pia, kwa hiyo hospitalini huhesabiwa kuwa ugonjwa. Kwa dubu wa Arizona imegeuka kuwa mtaji.

Joto, kujifanya grizli, au kujificha?

Timu hiyo ilikadiria kwamba badiliko la nafasi ya 153 lilizuka takriban miaka 9,360 iliyopita, kusini-magharibi mwa Marekani. Zama za Barafu zilikuwa zimekwisha. Joto lilipanda, mabonde yalikauka, na misitu iliyokuwa imeshuka hadi tambarare ilianza kurudi juu milimani. Leo ukiwa kusini mwa Arizona unaiona hali hiyo kwa macho: chini ni jangwa lenye dungusi kakati, katikati mialoni mifupi na mireteni iliyotawanyika juu ya nyasi za manjano, na huko juu kabisa ndiko kuna msitu wa misonobari wenye kivuli cha kweli. Dubu huishi akipanda na kushuka humo, akifuata matunda ya mialoni na ya dungusi kwa msimu.

Katika nchi ya namna hiyo, nakala ya jeni ya mdalasini iliongezeka kwa namna inayoashiria kwamba waliokuwa nayo walipata faida. Faida ipi? Hapo ndipo mjadala ulipo, na dhana kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni joto. Manyoya meusi hufyonza mwanga wa jua zaidi kuliko ya rangi nyepesi, kwa hiyo katika nchi ya jua kali mwenye manyoya mepesi angeweza kutembea muda mrefu zaidi bila kuchemka. Inaingia akilini haraka, na kwa sababu hiyo inapendwa. Lakini Florida na Louisiana pia ni nchi za joto, tena joto zito la unyevu, na dubu wa huko ni weusi. Mtu anaweza kujitetea kwamba wao wana kivuli na maji ya kuogelea, na ni kweli. Hata hivyo jeni ya mdalasini imesambaa kaskazini hadi kusini-mashariki mwa Alaska, ambako kuchemka si tatizo la dubu yeyote.

Ya pili ni kujifanya grizli. Dubu mweusi anayefanana na grizli huenda akaogopwa na wanyama wengine, au grizli mwenyewe akasita kumvamia. Zamani grizli walikuwepo hadi Arizona, New Mexico na ndani ya Meksiko, kwa hiyo wazo si la ajabu. Shida ni kwamba kama hiyo ndiyo sababu, tungetegemea kuwaona dubu wa mdalasini kwa wingi pale ambapo grizli wamejaa tangu zamani, yaani Alaska na sehemu za ndani za kaskazini mwa Kanada. Huko dubu weusi wengi ni weusi.

Ya tatu ni kujificha, na waandishi wa utafiti huo waliegemea upande huu. Nami naona ndiyo yenye uzito zaidi, ingawa mwanzoni inachekesha: mnyama wa kilo 150 ajifiche na nani? Lakini dubu hazaliwi na kilo 150. Huzaliwa pangoni akiwa na uzito wa gramu 300 hivi, na mwaka wake wa kwanza ni wa hatari: dubu dume wasio baba yake humuua, puma humnyemelea, na zamani mbwa mwitu walikuwa kila mahali. Zaidi ya hapo, dubu mweusi ingawa anakula zaidi mimea na wadudu, naye ni mwindaji. Mwanzoni mwa kiangazi huwatafuta watoto wa kulungu na wa elki walioachwa wamelala nyasini. Asiyeonekana mapema hufika karibu zaidi.

Sasa mweke dubu mweusi chini ya miti mirefu ya mashariki, mahali jua linapofika ardhini kwa madoa madoa. Yeye ni kivuli kimoja kati ya vivuli vingi. Mtoe hapo umpandishe kwenye mteremko wa Arizona saa nne asubuhi, penye nyasi kavu, mawe mekundu na magogo yaliyopauka, na yeye ndiye doa pekee jeusi mlima mzima. Mwenzake wa mdalasini akisimama kando yake bila kutikisika, jicho linampita. Kwa muda mrefu rangi ya kujificha imechunguzwa kwa panya, mijusi na nondo, wanyama wadogo wanaoliwa na kila mtu. Kuiona ikifanya kazi kwa mnyama mkubwa kiasi hiki ndiko kulikofanya utafiti wa 2022 usomwe sana.

Hapa kuna kifundo ambacho maelezo mengi huruka. Dubu dume kijana akishaachana na mama yake huhama mbali kutafuta eneo lake, na jeni husafiri naye. Ndiyo maana rangi ya mdalasini imetoka kusini-magharibi ikaenea kaskazini na mashariki, ikipita hata kwenye misitu ambayo haina sababu ya kuipendelea. Kwa hiyo ukimwona dubu wa kahawia katika msitu wa kijani wa Minnesota, usikimbilie kutafuta faida ya ukahawia hapo Minnesota. Huenda hakuna. Jeni imefika tu kama mgeni, na mahali hapo hapajaifukuza wala kuikaribisha. Mashariki ya mbali haijafika kwa wingi, kwani katikati kuna nyanda pana za nyasi zisizo na miti, ambazo dubu mweusi huzikwepa.

Wanabiolojia wana kanuni ya zamani inayofanana na yote haya. Mwaka 1833 Constantin Gloger aliona kwamba ndani ya spishi moja, wanyama wa nchi zenye unyevu huwa na rangi nzito kuliko wa nchi kavu. Dubu mweusi anaifuata kanuni hiyo vizuri ukitazama ramani kwa mbali. Ila ni kanuni yenye matundu. Chui weusi, kwa mfano, wanajulikana zaidi kwenye misitu minene ya Asia ya Kusini-Mashariki, kama Gloger angetegemea. Kisha mwaka 2019 picha za chui mweusi kutoka Laikipia, Kenya, nchi ya vichaka vikavu, zikazunguka dunia. Na dubu mwenyewe, kama tutakavyoona, ana kundi jeupe katikati ya msitu wenye mvua kupita karibu yote ya Amerika ya Kaskazini.

Jua nalo lina lake

Nimesema nchi haipaki rangi. Kuna upande mmoja ambao inafanya hivyo kidogo, au tuseme inafuta. Dubu mweusi hubadilisha manyoya mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Yale ya zamani yamekaa mwilini karibu mwaka mzima, na jua limeyapausha. Dubu wa kahawia anayeonekana Juni akiwa amefifia mgongoni hadi umanjano anaweza kuonekana Oktoba akiwa amekolea. Lynn Rogers, aliyewafuatilia dubu wa kaskazini-mashariki mwa Minnesota, alichapisha mwaka 1980 habari za urithi wa rangi pamoja na mabadiliko yake kwa dubu wale wale kadiri miaka ilivyopita, wakiwemo wa kahawia waliokuja kuwa weusi. Kwa hiyo takwimu za rangi zilizokusanywa kwa kutazama kwa mbali, kila mtu na mwezi wake, zinahitaji kusomwa kwa tahadhari.

Rangi kudanganya si suala la wataalamu tu. Katika majimbo ya Marekani yaliyo kusini mwa Kanada, ukiacha Alaska, grizli amelindwa kisheria tangu 1975, wakati dubu mweusi huwindwa kwa kibali. Montana, ambako wote wawili wapo, mwindaji wa dubu mweusi hulazimika kwanza kufaulu mtihani wa kuwatofautisha. Wasomaji wetu wanaoishi upande huo na kupenda kutembea milimani wajue alama hizi: grizli ana nundu ya misuli mabegani, uso uliobonyea kati ya macho na pua, masikio madogo ya mviringo, na kucha ndefu za mbele zilizonyooka kiasi. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yake ni makubwa na yamesimama, kucha ni fupi na zimepinda. Watu wa Nez Perce walikuwa wameshamaliza somo hili.

Kuhusu dubu wa kijivu-buluu, nitasema machache. Anaishi kusini-mashariki mwa Alaska na maeneo yanayopakana nayo Kanada, kuanzia Yakutat kwenda Glacier Bay, na William Healey Dall alimpa jina mwaka 1895 akidhani ni spishi yake. Ni dubu mweusi. Anakaa jirani na mito ya barafu, na ndiyo maana watu husema rangi yake ni ya kujificha barafuni. Kinachonizuia kukubali ni kwamba ndugu zake weusi wanaishi hapo hapo, wanakula pale pale, na ndio walio wengi.

Mweupe asiye albino

Sasa twende kwenye misitu ya pwani ya kati ya British Columbia, kwenye visiwa vya Princess Royal na Gribbell. Mvua haikatiki, miti ya mwerezi ni mikubwa kupita kukumbatiwa, na chini ni giza hata mchana. Kama mazingira yangekuwa yanapaka, hapa kila dubu angekuwa mweusi kuliko usiku. Badala yake, Princess Royal inasifika kuwa na karibu dubu mmoja mweupe katika kila kumi, na Gribbell wana sehemu kubwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Watu wa Tsimshian humwita moksgm'ol. Masimulizi ya pwani hiyo yanasema Kunguru aliyeumba dunia aligeuza dubu mmoja katika kumi kuwa mweupe ili watu wakumbuke wakati nchi ilipofunikwa na barafu. William Hornaday wa New York alimtangaza mwaka 1905 kuwa spishi mpya, akampa jina la Francis Kermode wa makumbusho ya Victoria. Kwa mara nyingine, ni dubu mweusi.

Wala si albino. Macho yake yana rangi, pua na ngozi vina rangi. Mwaka 2001 Kermit Ritland na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia walionyesha kwamba tofauti iko kwenye MC1R, ile jeni ya kuamua aina ya melanini: nafasi ya 298, tirosini imetoka, sisteini imeingia. Kwa sadfa, ni sisteini tena. Ni jeni hiyo hiyo ambayo mabadiliko yake huwapa baadhi ya binadamu nywele nyekundu na mbwa wa Labrador rangi ya manjano. Weusi unazimwa, kinachobaki ni rangi hafifu, nyeupe inayoelekea krimu.

Ili dubu awe mweupe lazima apate nakala mbili za badiliko hilo, moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye nakala moja ni mweusi kamili. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mweupe. Na jike mweupe akipandwa na dume asiyebeba kabisa, watoto wote watakuwa weusi. Fanya hesabu ya kawaida ya urithi: katika kundi ambalo dubu 10 kati ya 100 ni weupe, wengine kama 43 ni weusi wanaobeba nakala moja bila dalili yoyote ya nje. Nambari hiyo tutaihitaji tena baada ya kidogo.

Je, weupe unalipa? Thomas Reimchen na Dan Klinka wa Chuo Kikuu cha Victoria walikaa kando ya vijito wakihesabu dubu wanavyovua samoni msimu wa vuli, wakati samaki hao wanapopanda mto kutaga na dubu wanapojaza mafuta ya kulalia majira ya baridi. Matokeo yao ya 2009 yalikuwa hivi: mchana, weupe walifanikiwa katika karibu theluthi moja ya majaribio yao, weusi katika robo. Usiku pengo hilo halikuwepo.

Maelezo yao ni kwamba anayeamua hapa ni samaki. Samoni akitazama juu kutoka majini, anaona anga angavu, na kitu cheusi kinachoinama juu yake kinajitokeza wazi. Cheupe kinapotea kwenye mwanga. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya matumbo ya shakwe na ya ndege wengi wanaovua baharini yawe meupe. Watafiti wakaenda mbali zaidi: mtu akavaa vazi jeupe akasimama mtoni, kisha akavaa jeusi, na wakahesabu samaki waliokwepa. Vazi jeusi liliwakimbiza karibu mara mbili. Utafiti wao wa baadaye, uliopima kemia ya manyoya, ulionyesha kwamba weupe huwa na alama kubwa zaidi ya chakula cha baharini mwilini kuliko weusi wa eneo hilo hilo.

Kwa hiyo msitu wenyewe, pamoja na giza lake lote, hauhusiki sana na weupe huu. Kinachohusika ni kijito chenye samoni na anga lililo juu yake, saa za mchana. Usiku ukiingia, mweusi anapata sehemu yake. Na kwa kuwa dubu huogelea, wageni weusi kutoka bara huvuka na kuleta nakala za kawaida za MC1R. Weupe haufi na wala haushindi. Samoni wakipungua, kama wanavyopungua katika mito mingi ya pwani hiyo, faida ya kuwa mweupe nayo inapungua, hata kama hakuna mti hata mmoja uliokatwa.

Sheria za British Columbia zimemlinda dubu mweupe dhidi ya bunduki kwa muda mrefu. Weusi waliendelea kuwindwa. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Christina Service, likifanya kazi pamoja na jamii za wenyeji za Kitasoo Xai'xais na Gitga'at, lilitoa matokeo ya vinasaba vya nywele zilizonaswa kwenye waya katika eneo kubwa la pwani: nakala ya jeni ya weupe ni adimu kuliko ilivyodhaniwa, hata kwa nusu. Jamii hizo mbili zikaishinikiza serikali ya jimbo kwa hoja inayotokana moja kwa moja na ile hesabu ya 43 kati ya 100. Julai 2022 uwindaji wa dubu weusi wote, wa rangi yoyote, ulipigwa marufuku katika eneo la kilomita za mraba 8,158 linalojumuisha Princess Royal, Gribbell na sehemu ya bara iliyo karibu. Hadi siku hiyo, mwindaji mwenye kibali halali cha dubu mweusi hakuwa na namna yoyote ya kujua kama anayemlenga amebeba nakala ya weupe au hakubeba, kwa sababu kwa nje hawatofautiani hata unywele mmoja.